Benvinda Aliyeanza Upya Kila Asubuhi

Ndugu, majirani na jamaa mliofika hapa Quitunda kumsindikiza Benvinda, familia ya mzee Hermínio na mama Josefina inawaomba mkae, wenye watoto wawapakate, maana historia hii ni ndefu kidogo, na mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe yote. Anayeisoma ni Cleide, mdogo wake wa mwisho, aliyemuuguza mpaka siku ya mwisho. Marehemu alimwambia akiwa bado na nguvu za kukaa kitandani, "Siku mtakaponisoma mbele ya watu, msinipambe, na msimfiche mtu." Familia ililijadili neno hilo tangu juzi, wako walioona afadhali tusome kwa kifupi tuzike tuondoke, lakini mwishowe tumekubaliana kufanya kama alivyosema.

Benvinda alizaliwa tarehe 12 Agosti 1975, katika kijiji kimoja cha uwanda wa Mueda, wiki chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, na baba yake akampa jina hilo, ambalo kwa Kireno ni aliyekaribishwa vyema, kwa sababu, alisema, nchi nzima ilikuwa inakaribishana. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama Josefina alikuwa akisimulia kwamba kati ya watoto wake wote huyu ndiye aliyekuwa na hasira za karibu, akinyimwa kitu anatupa alichonacho mkononi, na tunalitaja hilo mapema kwa sababu wengi wenu mlimjua ukubwani tu, mkadhani upole ule alizaliwa nao.

Alianza shule mwaka 1982 hapohapo kijijini, akafika darasa la nne, vita vikafunga shule, na mwaka 1987 familia ikavuka Ruvuma na kuishi upande wa Mtwara kwa miaka mitano. Huko akamalizia elimu ya msingi, huko akakipata Kiswahili chake kile kilichokuwa kinawachekesha watu wa Palma, na huko pia akajifunza kuoka mikate, kwa mwanamke mmoja wa Newala aliyekuwa na tanuri la udongo uani. Amani iliporudi familia ilirudi Mueda, naye akajenga tanuri lake la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, likapasuka, akajenga la pili. Kazi hiyo ya mikate ndiyo aliyoifanya maisha yake yote, hakuwahi kuajiriwa na mtu.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa takatifu na Eusébio, mwalimu wa shule ya msingi, kijana msomi mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye yupo nasi hapa leo, amefika jana kutoka Pemba. Mwaka 1998 Eusébio alihamishiwa shule ya kijiji kimoja cha Afungi, kando ya bahari, na huko wakapata majirani Issufo, mvuvi, na mkewe Hafsa, watu wa pwani hii tangu mababu. Mungu aliwajalia Benvinda na Eusébio watoto watatu, Sónia aliyezaliwa 1997, Dário aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1999, na mtoto wa kike wa mwaka 2002 ambaye hakuishi wiki.

Dário alipozaliwa, mama yake alishikwa na jipu la ziwa na homa kali, hakuweza kunyonyesha, na hospitali ilikuwa mbali. Hafsa alikuwa amejifungua mwezi mmoja kabla, mtoto wa kiume, Rizuane. Hakuombwa na mtu, aliingia, akamchukua Dário mkekani, akakaa naye ukutani akamnyonyesha, na akaendelea hivyo kwa miezi, Rizuane upande huu, Dário upande ule. Kwa dini ya Hafsa watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, na hivyo ndivyo wavulana hao walivyokua, wakila popote chakula kilipowahi kuiva, Dário akimwita Hafsa mama, Rizuane akimwita Benvinda Mama Mkate.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake wengi mlimfahamu. Katika Kwaresima ya mwaka 2018 alikuja mhubiri mgeni kutoka Nampula kuendesha mafungo, watu wakatoka Palma na vijiji vya jirani wakajaa kapela mpaka nje. Mhubiri alifundisha kwamba Mungu anataka watu wapya, na kwamba upya huo hautafutwi mbali, unatafutwa kwenye chungu, kisimani, sokoni, na kwenye ulimi zaidi ya penginepo. Watu walilia, walianguka, walitoa ushuhuda wa dhambi zao za zamani, na palepale kikaundwa kikundi cha sala kilichoitwa Moyo Mpya, Eusébio akachaguliwa kiongozi. Benvinda hakulia wala hakuanguka. Alinyoosha mkono mwishoni, akauliza kama mtu akianza leo na kesho akashindwa afanyeje, mhubiri akamjibu kwamba keshokutwa anaanza tena. Alirudi nyumbani na jibu hilo, na hatujui kama kuna mwingine pale aliyelichukua kama yeye alivyolichukua.

Kesho yake aliacha kuchanganya mikate ya jana na ya leo. Ni jambo dogo, waokaji wote wanafanya, naye alikuwa amelifanya kwa miaka zaidi ya ishirini, lakini tangu siku hiyo alikuwa anamwambia mteja, huu wa jana, huu wa leo, chagua. Akajiwekea pia kwamba mtu ambaye hayupo hatasemwa tanurini pake, na kwa kuwa tanurini ndipo wanawake walipokuwa wanapumzikia, wengine waliona hapana raha tena, wakahamia kwa waokaji wengine. Hasira zake hazikuisha. Zikimpanda aliacha unga kwenye beseni akaizunguka nyumba, watoto wakijua, wakinyamaza mpaka arudi. Mara moja, mwaka ule ule wa mafungo, hakuwahi kuzunguka, alimrushia Eusébio kopo la unga mbele ya wageni, na Jumapili iliyofuata akasimama kapelani akaomba msamaha akilitaja kopo kwa jina lake, watu wakacheka, yeye hakucheka. Kikundi kilimpa kazi ya kufua vitambaa vya altare, akaipenda kazi hiyo kuliko sifa yoyote.

Mwaka 2019 kijiji chetu kilihamishwa kupisha mradi wa gesi, tukaletwa hapa Quitunda, kwenye nyumba hizi za matofali zilizopangwa mistari, na Benvinda akaomba apangwe karibu na Hafsa, akakubaliwa. Issufo alifariki mwaka uliofuata, Hafsa akabaki na Rizuane peke yake, kijana huyo akawa ndiye anayekwenda huku na huko kutafutia nyumba zote mbili. Dário alikuwa fundi umeme, amepanga chumba Palma mjini.

Katikati ya Machi 2021 unga wa ngano ulikuwa umeadimika Palma. Benvinda alimtuma Rizuane aende Namoto, mpakani, akatafute unga na hamira kwa wachuuzi wanaovuka kutoka Tanzania. Aliondoka Jumatatu tarehe 22. Jumatano tarehe 24 Palma ilishambuliwa na waasi waliotoka porini. Hakuna haja ya kusimulia siku zile, kila aliyekaa hapa anazo zake, nyumba hii ya vyumba viwili ilipokea watu wasiohesabika, na tanuri halikuzimwa mpaka unga ukaisha. Mwili wa Dário uliletwa mwezi wa nne, ukiwa umefunikwa turubai, akazikwa palepale mnapopaona, kulia kwa kaburi tulilochimba jana. Hafsa alimlilia kama mama yake mzazi alivyomlilia, kwa sauti ile ile.

Rizuane alirudi wakati watu bado wamekaa matanga. Alikuwa amekwama Namoto, njia zilifungwa, na aliporudi alikuja na mfuko mmoja wa unga begani, akaukuta msiba, akautua mlangoni akakaa chini. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwa nini aliondoka siku mbili kabla? Nani alimwambia aondoke? Mbona njia ziliwafunga wengine lakini yeye akapita? Maneno hayo hayakuanzia kwa walevi wala kwa wageni, yalianzia kwenye sala. Kikundi cha Moyo Mpya kilikuwa kinafunga na kukesha kwa ajili ya kijiji, na katika kuomba huko mmoja akasema ameonyeshwa adui ndani ya nyumba zetu, mwingine akasema naye ameonyeshwa, na Eusébio, ambaye moyo wake ulikuwa umevunjika na alikuwa halali wala hali, akalitamka jina.

Alhamisi tarehe 15 Julai 2021, mchana, walinzi wa kijiji walimkuta Rizuane kwenye bomba la maji na ndoo ya mama yake, wakamchukua. Hafsa alikuja moja kwa moja tanurini. Hakulia. Alisema, "Mama Dário, mwanangu ulimtuma wewe. Kawaambie."

Benvinda aliacha mikate ndani ya moto wakaenda wote wawili mpaka kituo cha walinzi. Alieleza siku, safari, unga, na jina la mchuuzi aliyemwelekeza. Mkubwa wa walinzi alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba wapo watu sita wa sala, waaminifu, walioapa kwamba kijana huyo alikuwa anakutana na wageni porini, na wa kwanza wao ni mume wake. Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kupelekwa mbele, wapi, hakusema.

Alirudi nyumbani akamkuta Eusébio anatayarisha somo la Jumapili. Sónia alikuwapo, ndiye aliyetusimulia. Benvinda alimuuliza kama kweli alimwona Rizuane porini na wageni. Eusébio akasema, "Mwanangu amekufa, wewe unamtetea nani?"

"Mwanetu," Benvinda akasema. "Na yule naye ni mwanetu. Ulimwona?"

"Tulionyeshwa."

Alitoka nje akazunguka nyumba, safari ile alizunguka mpaka giza likaingia, mikate yote ikiwa imeshaungua tanurini.

Jumapili tarehe 18 Julai, baada ya somo, alisimama kapelani kama alivyosimama siku ya msamaha wa kopo, akasema maneno machache ambayo wengi wenu mliyasikia kwa masikio yenu. "Mimi ndiye niliyemtuma Rizuane Namoto, na mume wangu anajua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu. Twendeni leo, sote, tukaseme hivyo, huenda bado yupo karibu." Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaupokea, wakaimba mpaka akaketi. Wiki hiyo hiyo kikundi kilitangaza kwamba ana roho iliyopoa, wakamwondoa katika sala, na mama mmoja akatumwa kuja kuchukua vitambaa vya altare, akavikuta vimeanikwa bado vibichi, akavianua hivyo hivyo akaondoka navyo. Padri alipofika baada ya miezi kadhaa, Benvinda alimweleza, naye akamjibu kwamba mambo hayo yako mikononi mwa serikali, tumwombee kijana. Mikate yake haikununuliwa tena na nyumba nyingi za Wakristo. Mwezi Februari 2022 Eusébio alihamia Pemba, alikopata nafasi ya kufundisha, na kikundi kikamfanyia ibada ya kumuaga.

Rizuane hajaonekana mpaka leo. Benvinda na Hafsa walikwenda Palma, wakaenda Mocímboa, wakafika mpaka Pemba, wakisimama milangoni mwa maofisi, mmoja na rozari, mwingine na tasbihi, wakiambiwa warudi kesho. Msidhani walikuwa wanatembea kama marafiki. Kwa mwaka mzima Hafsa hakumwambia neno ambalo halikuwa la safari. Msimu wa kulima ulipofika, Benvinda alimfuata shambani bila kuitwa, akasimama pembeni, na Hafsa, bila kugeuka, akamwambia, "Sijakusamehe. Lakini jembe lako liko pale."

Walilima pamoja tangu siku hiyo. Kama alisamehewa baadaye, hilo ni lao, familia haina ruhusa ya kulisema, na hatutaki mtu alifanyie hadithi nzuri.

Wako waliokuwa wanasema Benvinda ametulia, wengine wakamwita mtakatifu, hasa wale ambao hawakununua mkate wake. Siku moja Cleide alimwambia hivyo, kwa nia ya kumfurahisha, naye akakasirika sana. Alisema, "Sijatulia, mdogo wangu. Kila asubuhi naamka ninamchukia Eusébio, kabla sijanawa uso. Halafu naanza upya. Kuna siku nafika mchana bila kumchukia. Kuna siku sifiki hata mlangoni." Huo ndio utakatifu wake tulioushuhudia sisi tuliolala naye nyumba moja, kazi ya kila siku isiyolipwa na mtu, alfajiri huku akikanda unga wa wateja wachache, Waislamu wengi wao, akiwaambia huu wa jana, huu wa leo.

Mwezi wa tisa mwaka jana alianza kusikia maumivu ya tumbo na kutokwa damu, akayaficha mpaka Januari. Hospitali ya Palma walimwandikia kwenda Pemba, safari ikasubiri kwa sababu ya barabara, na alipofika Pemba madaktari walituambia wazi kwamba uvimbe ulikuwa kwenye kizazi na umekwisha kusambaa. Alikaa wodini tangu Machi mpaka Juni. Kutoka wodi ile mpaka shule anakofundisha Eusébio mtu anakwenda kwa mguu. Familia ilimpelekea habari mara ya kwanza, akajibu atakuja, ikampelekea mara ya pili, akatuma salamu na machungwa. Benvinda aliyagawa machungwa kwa wagonjwa wenzake, akageukia ukutani, na siku hiyo hakutaka kuombewa. Kesho yake asubuhi aliomba mwenyewe.

Aliomba arudishwe Quitunda, tukamrudisha. Miezi ya mwisho Hafsa alikuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri, akimkanda miguu, wakizungumza kwa sauti ndogo au wasizungumze. Alifariki dunia Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini, na aliyemfumba macho ni Hafsa. Ameacha mume, binti mmoja Sónia, wajukuu wawili, na ndugu zake watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Palma na wa Pemba, waliofanya waliloliweza kwa dawa walizokuwa nazo, na yule muuguzi wa usiku aliyemletea chai kutoka kwake. Tunawashukuru majirani wa mstari wetu, waliochota maji na kuchimba kaburi, na wengi wao walioshika majembe jana si wa dini yetu. Tunawashukuru waokaji wenzake, ambao wiki hii wameoka mikate ya msiba bila kuombwa. Tunawashukuru pia wana Moyo Mpya, waliofika leo kwa wingi na sare zao nyeupe, na kuleta wimbo, wimbo huo tunaomba uimbwe baada ya familia kuondoka.

Limebaki neno moja, alilolisema Jumapili ya mwisho, akamtaka Cleide alirudie mbele yake mpaka alikamate vizuri, nalo ni hili: "Mwambieni Eusébio nimemsamehe yaliyo yangu. Ya Hafsa sina uwezo nayo. Akitoka makaburini asiende kwanza kula, aende kwake akaseme kile alichokiona, na kile ambacho hakukiona."

Hafsa hakuja hapa makaburini, mila zake na moyo wake vimemweka nyumbani. Baba Dário, nyumba unaijua. Tumepita pale tukija, mlango uko wazi, na ameketi ndani.

Lala, Benvinda, dada yetu, mama yetu. Kesho asubuhi hutaanza tena. Iliyobaki ni kazi yetu.